Nilivyopunguza Mabawa ya Ndege Kama Gauni

Chekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana nikishafika pale penye suruali ya mume wangu sitaki mtu anikate kauli. Ndiyo, ni mimi, Mama Zuhura, fundi cherehani wa Mabwerebwere, Kilosa, niliyeingia kwenye sherehe ya ukweni kwa ndege na kutoka na matope mpaka masikioni, na hadi leo nikishuka stendi ya Mikumi hakosi mtu wa kupigapiga mikono kama kuku akinikaribisha.

Mume wangu Hamisi ni fundi pikipiki, na tangu nimjue ana ugonjwa mmoja tu, ndege. Tumeijenga nyumbani kidogo kidogo, ya mtu mmoja, mabomba ya alumini, injini ya pikipiki, na mabawa marefu yaliyoungana juu ya kichwa cha rubani, yamevishwa kitambaa cha rangi ya machungwa nilichokishona kwa mkono wangu (na nilikishona kikashoneka, hilo hata wabaya wangu wanakiri). Rubani nilikuwa mimi, kwa sababu Hamisi akikaa ndani injini inalia weee lakini ndege haibanduki, mwanaume anapenda ugali, nifanyeje? Alfajiri tulikuwa tunaenda uwanja wa mpira, naanzia golini, na kabla sijafika katikati matairi yameshaachia ardhi, naelea kimo cha mlango hivi, nashusha taratibu, narudi kuwasha moto wa chai. Raha yake sijui niwaelezeje.

Sasa banda tulilojengea lilikuwa la baba mkwe, Mzee Saidi, ambaye siku hizi anaishi Mikumi kwa wifi yangu, na alikuwa analitaka banda lake ahifadhie mpunga. Akatamka mbele ya ukoo mzima: "Hiyo ndege ikiruka nikaiona kwa macho yangu, banda lenu. Isiporuka, itoeni, mpunga wangu uingie." Na miguu inamsumbua, hawezi kuja Kilosa, kwa hiyo ikabidi ndege ndiyo imfuate, na siku tukaichagua wenyewe kwa kiherehere, siku ya akika ya mtoto wa wifi, ukweni kote watakuwepo.

Tukapata lori la miwa la Kidodi lililoleta mzigo Kilosa na lilikuwa linarudi tupu kupitia Mikumi. Tukafungua mabawa, tukayalaza nyuma, yakachomoza nje karibu hatua mbili. Dereva akashuka, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama Zuhura, hayo yatafyeka watu kichwa. Mimi siendi nayo."

Hamisi akasema tusubiri lori refu zaidi. Kusubiri! Akika kesho, na mimi nimeshawatangazia mashoga zangu wote. Nikamwambia, "Hamisi, gauni likiburuza unakaa chini unalia, au unapunguza?"

"Mke wangu, hili si gauni. Bawa likiwa fupi linashika hewa kidogo, lazima ukimbie sana ndipo likubebe."

"Basi nitakimbia sana. Injini si ipo?"

Akanyamaza (nikianza kuongea Hamisi hunyamaza, ndiyo siri ya ndoa yetu). Akachukua msumeno, nami mkasi, tukakata kila ncha mkono mzima, nikafunga kitambaa kwa pindo safi, likapendeza kweli, dogo dogo, la kisasa. Na kwa kuwa situpi kitambaa, na ukweni huendi mikono mitupu, yale mabomba yaliyobaki nikamwambia Hamisi ayaunge miguu, nikayavisha kile kitambaa, tukapata kiti kizuri cha kukunja cha kumpelekea mzee. Nilijiona nina akili hizo!

Tulifika watu wameshakaa. Mzee akakipokea kiti kwa furaha, akataka kiwekwe mwisho wa uwanja, pembeni, mbele ya turubai la wageni, ili ndege ikipita juu aione vizuri. Uwanja ulikuwa kama ule wa kwetu, ila mbele yake kuna mtaro mwembamba na baada ya mtaro shamba la mpunga lenye maji. Sikuona haja ya kujaribu kwanza. Nikavaa suruali ya Hamisi, na kwa kuwa kiuno chake ni viuno vyangu viwili nikaifunga kwa futi yangu ya kupimia wateja, juu nikajitanda khanga kwa heshima ya wakwe, nikapanda.

Nikafungua mafuta. Jamani, ilikimbia! Haijawahi kukimbia vile, vigelegele huku na huku, nami najisemea moyoni mnaona sasa faida ya kupunguza. Nikapita katikati ya uwanja, matairi bado chini. Nikasema labda ina aibu, wageni wengi. Khanga ikafunguka ikaenda zake. Nikapita goli la pili, bado chini, na mtaro huo hapo, nikapiga bismillah nikavuta usukani kwa nguvu zote, ikanyanyuka, kimo cha goti, ikauvuka mtaro! Nikafurahi, nikazidi kuvuta nipande, na hapo ndipo nilipoharibu, maana pua ilipoinuka mwendo ukafa, na mwendo ulipokufa yale mabawa mafupi hayakuwa na cha kunibebea. Ikajiachia chini pwaa kwenye mpunga, ikateleza na tumbo, ikanigeuza kutazama uwanjani, ikasimama ukingoni mwa mtaro, hatua chache kutoka kwa baba mkwe, na kanzu yake nyeupe imeshakuwa na madoa.

Nikasimama haraka kuonyesha kwamba mimi mzima, futi ikakatika. Suruali ikashuka mpaka magotini. Mbele ya wakwe! Nikaidaka kwa mikono miwili, na kwa kuchanganyikiwa nikafanya kile nilichofundishwa tangu utotoni ukikutana na mkweo, nikapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, baba."

Hata mtoto wa akika aliacha kulia.

"Marahaba, mwanangu. Hujaumia?"

"Sijaumia, baba."

Mtani wao mmoja akapaza sauti kutoka kwenye turubai, "Kuku wa wageni kashafika mwenyewe, leteni kisu!" Basi, uwanja mzima ukapasuka, wifi yangu akakaa chini kwa kicheko.

Hamisi akaja mbio, anahema, akaanza kusema upepo ulikuwa mbaya. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Kilosa ilikuwa inaruka?"

"Ilikuwa inaruka, baba."

"Hapa imepatwa na nini?"

Nikasema mwenyewe. "Nilipunguza mabawa, baba, yaenee kwenye lori."

"Na hivyo vipande viko wapi?"

Hamisi akatazama angani. Nikatamani ule mpunga unifunike.

"Umevikalia, baba."

Mzee akainama kutazama kiti, akakishika kile kitambaa cha machungwa, akaitazama ndege, akarudi kwenye kiti. Akainuka polepole na miguu yake ile mibovu, akakikunja, akanikabidhi, akaenda kukaa kwenye mkeka. Mpaka hapo nilikuwa nacheka kidogo na wenzangu, lakini nilipomwona anavyojishusha chini kwa shida nikalia kwa aibu.

"Usilie," akasema. "Irudishieni ndege vipande vyake. Mpunga wangu utasubiri hapa hapa Mikumi mpaka niione na mabawa yake yote."

Tukakifumua kile kiti, tukaunga ncha zote, tukasubiri lori refu bila mtu kunisikia nikilalamika. Safari ya pili nilinyanyuka kabla ya katikati ya uwanja, nikapita juu ya mtaro kimo cha paa, na banda sasa ni letu. Tangu siku hiyo mteja akiniletea gauni nimpunguzie, namwambia alivae kwanza atembee nalo nje ya duka, na kitambaa kinachobaki anaondoka nacho mwenyewe. Maana hata siku ile ya ushindi nilimpelekea baba mkwe kiti cha plastiki kipya kabisa, na mzee wa watu hakukaa mpaka alipokipindua kukikagua chini.