Nilimkatia Mama Sadia Waifai Huku Nikinywa Maziwa Yake

Nisikilize kwanza, kisha utanitukana. Nimekwisha kujitukana mwenyewe kwa Kimeru, Kiswahili na Kiingereza, na bado hasira haijaisha. Kosa ni langu. Si la fundi, si la kampuni ya intaneti, si la shetani. Hao wote nimejaribu kuwasingizia, na hata shetani amekataa.

Mimi ni mtu mzima. Nina digrii, nina mvi, na nina tabia mbaya ya kuandika makala za kuwafundisha wengine namna ya kuishi. Ugatuzi ndio ulionileta Isiolo, mimi na wengine wengi tuliopanda gari na faili zetu na sweta ambazo hatujazivaa tena. Kazi yangu iko kaunti. Naishi na mke wangu, ambaye ni muuguzi, kwenye ploti ya kupanga: lango moja, tangi moja la maji, na wapangaji wanaojuana hadi kikohozi.

Nyumba ya mwisho, nyuma ya tangi, anaishi Mama Sadia. Ni mjane, Mborana, na anauza maziwa ya ngamia yanayotoka Kulamawe. Kila asubuhi huacha dumu dogo la maziwa mlangoni petu. Nilidhani mke wangu humlipa mwisho wa mwezi. Sikuwahi kuuliza. Chai ilikuwa tamu, na mtu mwenye chai tamu huwa hana maswali.

Basi mke wangu akachukua likizo, akaenda Meru kumuuguza mama yake. Akaniachia nyumba, sufuria na ruta. Sufuria angalau niliziacha zilivyokuwa.

Siku hizo intaneti ilikuwa imeanza kusuasua. Unatazama taarifa ya habari, msomaji anaganda mdomo wazi kama aliyeona nyoka. Nikasoma makala kwenye simu, zile za kutia watu hofu: jirani anakunyonya, paswadi yako ya kiwandani inajulikana dunia nzima, mwizi yuko sebuleni na wewe umemwashia taa. Nikaamua kuwa mlinzi. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta.

Unajua fundi aliyeniwekea alikuwa ameacha jina gani la kuingilia? Admin. Na paswadi? Admin! Ni kama mtu akujengee nyumba, kisha autundike ufunguo langoni na kuuwekea kibao. Hapo nilikuwa na haki ya kukasirika. Laiti ningekasirika hapo tu, nikabadilisha hiyo paswadi, nikafunga ukurasa na kwenda kujipikia ugali.

Lakini ukurasa ule huonyesha pia kila kitu kilichounganishwa. Niliona simu yangu, kompyuta, runinga, na simu moja nisiyoijua. Damu ikanipanda. Ilikuwa Ijumaa alasiri, saa ambazo ofisi zetu hupoa na sisi wengine hutoroka mapema. Nikachungulia dirishani. Chini ya ukuta wangu, amekaa kwenye kistuli, alikuwa Mama Sadia. Simu iko usoni, anaongea Kiborana na kucheka. Nikakumbuka kuwa nimewahi kumkuta hapo Ijumaa nyingine pia.

Nikajiambia: huyu hapa. Mwizi amekuja na kiti chake!

Mlango wa nje ulikuwa nyuma yangu. Ningeufungua nikamuuliza nani alimpa paswadi, na leo nisingekuwa nakuandikia. Lakini msomi hatoki nje kuuliza. Msomi ana mipangilio.

Nikabadilisha paswadi. Ile simu ngeni nikaizuia kabisa, kiasi kwamba hata mtu akiipa paswadi mpya isiingie. Kicheko huko nje kikakatika katikati. Nikasikia akiita, "Sadia? Sadia?" Mimi nikaendelea na kazi.

Nikabadilisha na ile admin. Nikaweka paswadi ndefu yenye herufi kubwa, ndogo, nambari na alama, nikiwa nimefura hivi kwamba vidole vilijiandikia vyenyewe. Kisha nikafanya lile ambalo hakuna makala yoyote ya usalama iliyonifundisha, lilitoka kwangu mwenyewe. Mtandao wetu ulikuwa unaitwa Kendi, jina la binti yetu. Nikaufuta. Nikaandika: MWIZI NUNUA YAKO.

Jina la mtandao huonekana kwenye kila simu iliyo karibu. Ndiyo maana niliandika. Nilitaka ploti nzima ione, na ikaona. Jirani mmoja kijana akaniuliza langoni mwizi ni nani. Nikatabasamu kama kadhi aliyemaliza kesi, nikamwambia anajijua.

Ijumaa iliyofuata Mama Sadia akaja tena na kistuli chake. Akakaa. Akaitazama simu, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaiinua juu, akaishusha, akaisogeza karibu na ukuta kana kwamba ukuta una joto. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Hili naliandika ingawa mkono unakataa: nilicheka. Kisha nikajimiminia kikombe cha pili cha chai. Chai ya maziwa. Maziwa yake!

Ijumaa ya baada ya hiyo ikawa vilevile, ila safari hii sikucheka sana. Intaneti ilikuwa bado inasuasua, na mwizi nilikuwa nimeshamfungia. Baadaye ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikiimaliza. Ni runinga yangu. Nikienda kazini nilikuwa naiacha ikicheza video kutwa nzima, sebule tupu, ili wezi wadhani kuna mtu nyumbani.

Mke wangu alirudi Alhamisi jioni. Alipita kwanza kwa Mama Sadia kumsalimia, akakaa huko sana. Alipoingia ndani hakuweka hata mkoba chini. Akaninyooshea simu yake.

"Baba Kendi, hili jina ni la nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya usalama wa mitandao ya nyumbani.

"Nimeuliza ni la nani."

"Ni letu. Yule mama alikuwa anatumia waifai bila ruhusa."

"Ruhusa nilimpa mimi. Paswadi niliweka kwa simu yake na mkono wangu. Na hayo maziwa unakunywa kila siku, ulidhani tunanunua?"

Nilikuwa nimedhani. Nilikaa chini nikaelezwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mama Sadia huuza maziwa sokoni, jirani hamuuzii. Jirani humletea. Na kati ya wanawake wale wawili chombo hakirudi kitupu: mke wangu alikuwa akirudisha dumu na sukari ndani yake, au majani ya chai. Halafu Sadia, binti pekee wa yule mama, akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwajiri wake huishika simu yake wiki nzima na kumwachia Ijumaa tu, familia ikitoka kutembea. Lo, hasira nilizo nazo juu ya mwajiri huyo! Lakini tazama mimi na yeye tulivyofanana. Yeye alimwachia msichana Ijumaa moja kwa wiki, mimi nikaichukua hiyo moja.

Sadia ndiye aliyemtumia mama yake hiyo simu kubwa. Haina laini ndani, ni ya kumpokelea yeye tu. Biashara ya maziwa Mama Sadia huifanya kwa kabambe yake, kile kisimu cha vitufe kisichojua intaneti. Mke wangu alipoona hivyo, akamfungulia waifai na kumwonyesha pale ukutani ambapo inashika vizuri. Maziwa asubuhi, waifai Ijumaa. Hakuna aliyeandikiana mkataba. Wala hakuna aliyeniambia, kwa sababu nyumbani kwangu mimi huwa nasoma.

Tangu nikate, yule mama alidhani mwanawe ndiye aliyenyamaza. Alimwomba yule kijana wa langoni aitazame simu kama imeharibika. Kijana akamsomea jina la mtandao. Mama Sadia akaelewa. Na kesho yake asubuhi akaleta maziwa.

Nikamwambia mke wangu kesho ni Ijumaa, nitairudisha waifai kabla ya saa ya simu. Nikatoka kazini mchana. Mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Nikakaa mbele ya ruta kama daktari wa upasuaji, nikafungua ule ukurasa, ukaniuliza paswadi.

Sikuikumbuka! Ile ndefu, yenye herufi kubwa na ndogo na alama! Nilijaribu jina langu, la binti yangu, la kijiji changu, matusi mawili niliyodhani huenda niliyatumia. Ukurasa ukanifungia. Nilikuwa nimejenga ukuta usiopitika na mimi mwenyewe nimebaki nje.

Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Ukikichokoa kwa sindano, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Nikachokoa. Taa zikazima, zikawaka, na jina lile la aibu likafutika. Likafutika na kila kingine, pamoja na namba za siri za kampuni ambazo bila hizo ruta ni sanduku la plastiki. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Nikasikilizishwa muziki. Akaja dada mmoja mwenye sauti ya adabu, akaniuliza jina, kitambulisho, mahali ninapoishi. Nikamfokea. Akasema fundi atapita Jumatatu.

Nje, Mama Sadia alikuwa amekaa kwenye kistuli chake. Mke wangu alikuwa amemwambia leo itarudi. Hakugonga mlango wala hakuuliza. Kila nilipochungulia alikuwa vilevile, simu mapajani, uso juu, anaitazama kama mtoto aliyelala. Mimi niko ndani na sindano.

Adhana ya magharibi ilipoita, akainuka, akaenda kuswali. Mke wangu akaingia kutoka kazini, akanikuta sakafuni kati ya nyaya. Nikamweleza yote: paswadi, kitundu, kampuni, dada wa simu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na simu yako haina bando?"

"Iko nalo."

"Si ungemwashia hotispoti?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Ningemwashia kwa kidole kimoja. Lakini nilitaka kushinda ruta! Nilitaka akiongea na mwanawe ajue ni mimi niliyetengeneza.

Jumatatu fundi akaja, mtandao ukarudi, ukaitwa Kendi. Ijumaa simu ikalia. Sikufunga dirisha. Kiborana sijui, miaka yote hii Isiolo na nimejifunza salamu tu. Lakini nilisikia sauti ya msichana ikiongea mfululizo, na mama akijibu kidogo kidogo. Simu ilipokwisha nikatoka nje, nimechelewa kama kawaida yangu.

"Mama Sadia, salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Sadia hajambo?"

"Ni mzima." Alikuwa bado anaitazama simu. "Mkataba yake ilikuwa inaisha. Anasema siku ile aliniuliza, mama, nirudi nyumbani? Na mimi nikamkatia. Akapiga Ijumaa ingine, na ingine, hata hiyo ya juzi. Akasema, basi mama amekasirika, hataki nirudi. Akaweka sahihi. Miaka mbili ingine."

"Ni mimi nilikata."

"Najua."

Hapo, Mungu anisamehe, nikaanza kueleza. Nikataja paswadi ya kiwandani. Nikataja hatari. Akaniacha nimalize, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Baba Kendi, maziwa ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Ilikuwa haijaharibika?"

"Ilikuwa nzuri, mama."

"Haya," akasema, akabeba kistuli chake.

Angenitukana ningepona. Ningejibu, tungegombana, ploti ingetuamulia, yangeisha. Hakunitukana. Nimebaki na hasira yangu mikononi na sina wa kumpa.

Sasa wewe unayesoma hapo na ruta yako inapepesa taa ukutani. Badilisha hiyo admin, leo hii, usimngoje mwizi. Paswadi mpya iandike mahali utakapoiona ukiwa umetulia. Runinga izime ukitoka. Lakini ukikuta simu usiyoijua imeingia kwako, usiizuie kabla hujauliza watu wa nyumba yako ni ya nani. Huenda wewe ndiye mgeni kwenye mapatano yaliyokuwepo muda mrefu. Na hata kama kweli ni mwizi, mwite nje mwambie usoni. Usimwandikie tusi hewani halafu ujifiche nyuma ya pazia ukinywa chai.

Dumu bado linakuja kila asubuhi. Mimi ndiye ninayeliosha siku hizi, na mimi ndiye ninayetia sukari kabla halijarudi. Mke wangu huchemsha maziwa na kuniwekea yangu mezani, mimi nakunywa strungi, chai kavu nyeusi, hadi yale maziwa yanaota utando.

Hakuna aliyenikataza kuyanywa. Ndiyo sababu hayapiti kooni.