Mlango wa Tano wa Gari la Mbelwa

Tulikuwa wanne siku ile, kule Mlola, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba yakaanza kupanda milimani: mimi, mama mkwe wangu Nasemba, shemeji yangu Mbelwa, kitinda mimba wake, na jirani yetu Kristina, mke wa mwalimu wa kwaya. Nasemba alikuwa ameteleza kwenye shamba la maharage, akavunjika paja. Kukaa hawezi, ni kulala tu, na hospitali iko Lushoto.

Mwanangu, gari la karibu lilikuwa moja, la Mbelwa. Fupi, nyuma limekatwa kama mkate. "Lina milango mitano," akajisifu. Nikahesabu: miwili huku, miwili kule. Nikalizunguka tena. Minne.

Mbelwa akainua nyuma, kioo na bati pamoja, kama kifuniko cha sanduku. Akalaza viti, tukatandika godoro.

Nasemba akatukazia macho. "Hilo ni buti. Kwenye buti hupanda kabichi na maiti. Niambieni mimi ni kipi."

"Mama, huo ni mlango," akasema Mbelwa. "Magari yana aina. Saluni buti lake limetengwa kwa ukuta. Stesheni wagoni ni refu nyuma. Hili ni hachibeki, nyuma yake huhesabiwa mlango."

"Mlango unaofunguka kwenda juu!" Kristina akacheka. "Labda wa banda la kuku."

Nilichanganyikiwa kabisa. Kama ni mlango, mbona hauna kiti? Kama ni kifuniko, mbona kinahesabiwa? Na paja linavimba. Husemwa mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu hapandi mpaka aulizwe.

"Mkaza mwanangu," akaniita, "wewe ingia kwa mlango wa watu, kisha unipe mkono."

Nikaingia kwa mlango wa ubavuni, nikatambaa juu ya godoro, nikautoa mkono kule nyuma. Akaushika.

"Kumbe ni chumba kimoja," akasema. "Tutapumua hewa moja. Nipandisheni."

Kona zote hadi Lushoto hakuuachia mkono wangu. Paja liliunga, akatembea na mkongojo mpaka uzeeni.

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza, na jina la kitu halimwashii taa mwenye hofu. Mbelwa alitaja aina zote za magari, mama yake hakusogea. Ukimwona mtu anaogopa, ingia wewe kwanza, umpe mkono.

Mungu akufungulie milango, unayoihesabu na usiyoiona. Majina ya watu sijakosea hata moja. Ila ile hesabu ya milango, kama ni minne au mitano, anayejua anisahihishe.