Sikio la Usukani

Jumatatu asubuhi niliondoka Garsen kwenda kutafuta ushahidi dhidi ya Guyo, muuza vyuma. Ndugu yangu Jilo alikufa maji wakati wa mafuriko. Sikio la chuma lililoshika usukani wa mashua yake lilikatika, mto ukaibamiza mashua kwenye miti. Sikio hilo nililijenga mimi, kwa kuchomelea tabaka juu ya tabaka, kwa vijiti vya kuchomelea kutoka duka la Guyo. Kwenye matanga kule kijijini Hewani nilisema mbele ya watu kwamba vijiti vyake ni bandia. Guyo alikuwa amekuja na sukari ya rambirambi. Akarudishwa nayo.

Saa nane mchana nilikuwa Mombasa, katika chuo ambako hujenga vyuma kwa unga wa chuma unaoyeyushwa kwa mwanga mkali, tabaka kwa tabaka. Dada wa maabara alipokea kipande changu cha lile sikio lililokatika.

"Mzee, umekibeba kama yai!"

Akakikata, akakisugua mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali, akaniita kwenye hadubini. Niliona chembe za chuma zimesimama ndefu kama mahindi, zote upande mmoja. Ufa ulipita katikati yake, kama mtu anayepita kati ya mistari ya shamba.

"Vijiti ni vibovu?"

"Ni vizuri kabisa. Ulichomelea kwa moto mkali, njia moja tu, bila kukipumzisha chuma kipoe. Sivyo?"

Niliinama tena kwenye hadubini.

"Tabaka jipya huendeleza chembe za lile la chini. Sisi kila tabaka tunageuza njia, na moto tunaupima, ili chembe zisijipange upande mmoja."

"Nilikuwa na haraka. Watu wa Chara walikuwa juu ya mapaa, wakingoja mashua."

"Pole, baba. Chuma hakijui hayo."

Jumanne jioni niliporudi Garsen, sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja dukani. Guyo alikuwa akipima misumari. Nilimweleza yote.

"Umekwenda mpaka Mombasa kuuliza," alisema. "Mimi nilikuwa hapa hapa."

"Nisamehe."

"Hukunisema dukani. Twende Hewani."

Jumatano tulifika kwa mjane wa Jilo. Majirani walikusanyika. Nilisimama pale pale niliposimama siku ya matanga, nikasema vijiti vilikuwa vizuri, mkono wangu ndio ulioharibu.

"Jilo alikuharakisha?" mjane akauliza.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na ilikuwa kweli.

"Alinihimiza, shemeji. Lakini moto niliupandisha mimi. Na nilijua tangu siku ya matanga; nilikwenda Mombasa nikitumaini kuambiwa vingine."

Mjane alimgeukia Guyo.

"Ile sukari bado unayo?"

Guyo akaitoa mfukoni mwa koti. Mjane akainjika chai. Kikombe changu kilikuja cha mwisho. Nilikipokea kwa mikono miwili.