Kinywa cha Tata Badibanga

Miaka sita Mwenze alipiga deki wodi ya wanaume katika hospitali ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, na hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake. Alikuwa mtu wa Bukama, mchechemeaji tangu jiwe lilipomwangukia mguuni mgodini. Lakini anayepitisha dekio chini ya vitanda huona mengi. Aliona kuwa waliopooza upande mmoja hawakuuawa na kupooza kwenyewe. Uji ulibaki ndani ya shavu lililokufa ganzi, ukachacha, ukashukia kifuani pamoja na mate. Siku ya tano homa, siku ya nane jeneza.

Mwaka 1957 aliletwa Badibanga, aliyeitwa Tata, yaani baba, kwa heshima, dereva wa treni ya mawe ya shaba, ulimi na mkono wa kuume havina nguvu. Mkewe, Mama Elise, alimfunika mdomo kwa kitenge ili watu wasione udenda.

Mwenze akajipa moyo, akamweleza Louis, muuguzi wa zamu. Louis hakucheka.

"Basi tugawane kazi," alisema. Yeye angemketisha mgonjwa wima kabla ya chakula, Elise angemlisha kidogo kidogo, na Mwenze angemsafisha kinywa kwa kitambaa na maji ya chumvi.

Elise alikataa. "Kutia kidole mu kanywa ya bwana yangu, mbele ya batu?"

"Mama, angalia." Mwenze alilivuta shavu taratibu. Donge la uji wa jana lilikuwa pale pale, limeshaanza kunuka. Elise akalitazama, kisha akamnyang'anya kitambaa, akasafisha mwenyewe.

Wiki tatu zikapita bila homa. Wiki ya tano Badibanga akasema, "Elise." Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka. Mwenze akaegemea dekio lake, akalia mbele ya wodi nzima.

Kisha ikaja karatasi ya ofisi ya mgodi: asiyeweza tena kazi arudishwe kwao; kwa Badibanga, jimbo la Kasai. Louis akaenda ofisini kuomba miezi miwili tu. Hawakumpa hata wiki moja.

Kituoni Mwenze alimkabidhi Elise vitambaa na chupa ya maji ya chumvi. "Kila akikula, Mama."

"Nitafanya. Lakini huku tulikuwa batatu, Tata. Kule niko mi peke yangu."

Barua ilifika mvua zilipokwisha. Louis akamsomea. Elise alikuwa ameshikwa na malaria siku nne, hawezi hata kuinuka. Shemeji zake walimlisha Badibanga kwa upendo, kijiko juu ya kijiko, akiwa amelala chali. Homa ya kifua ikamchukua Jumapili. "Munisamehe," Elise alikuwa ameandikisha, "nilianguka mi."

Mwenze alikaa ukingoni mwa kitanda kitupu, jambo lililokatazwa kwa watumishi. Louis hakumwinua.

"Mwandikie," Mwenze alisema mwishowe. "Mwambie hana kosa. Andika mara mbili."

Louis aliandika mara mbili. Jibu hawakulipata.