Aliyefunga Trela ya Ndugu Yangu

Kusema kweli, yule mtu nilimchukia kabla hata hajanikosea. Alikuja Kisumu miaka ya sabini kutoka upande wa Nyeri, na haikuchukua muda madereva wote pale ghalani wakawa wanataka yeye ndiye awafungie mizigo. Mimi niliyekuwa nikifunga lori tangu tupate uhuru nikabaki kukalia magunia matupu.

Nitampa haki yake: turubai alijua kulivuta. Likishuka pande zote za trela lilinyooka kama kitanda kilichotandikiwa mgeni, hakuna pembe inayopepea. Madereva walipita nalo mjini wakijivuna. Mimi nikawaambia, turubai ni la mvua, bwana, halizuii mzigo. Nani alisikiza?

Wengine ningewavumilia. Lakini ndugu yangu mkubwa, tumbo moja, dereva wa trela, naye alikuwa akinipita palepale nilipokaa aende kumwita yule. Hapo moyo uliniuma hadi chakula nikakiona kichungu. Sikutaka kingine ila anipe trela yake niifunge, watu waone.

Siku moja walimpakilia makreti ya soda ya kupeleka Kericho, yamepangwa juu ya paleti za mbao. Turubai lilikuwa halijashuka lote, nikachungulia. Kati ya paleti za mbele na ukuta wa nyuma ya kebini palikuwa na nafasi ya mtu kusimama. Kamba zote zilikuwa za turubai. Hata moja haikushika paleti zenyewe. Ng'ombe avuke barabara pale Ahero, ndugu yangu akanyage breki, chupa zote zingemfuata kichwani.

Nikasema kwa sauti. Wapakiaji wakacheka.

"Hiyo ni nyiego tu," mmoja akasema, neno letu la wivu wa wake wenza. "Mzee, siku hizi umekuwa mke mkubwa?"

Yule mtu aliendelea kukaza fundo. Na wivu nilikuwa nao, sikatai, ulinitoka hadi machoni. Lakini nafasi ilikuwepo vilevile.

Ndugu yangu hakucheka. Alipanda juu ya tairi, akainua turubai, akatazama kwa muda. Aliposhuka uso ulikuwa umebadilika.

"Omera, ndugu yangu, ni kweli," akaniambia. "Hii ingeniua."

Nikaanza kukunja mikono ya shati.

Basi akamgeukia yule mtu. "Fungua yote. Jaza hiyo nafasi na paleti tupu, halafu upitishe kamba juu ya mzigo. Ndugu yangu atakuonyesha vile inapita. Lakini ufunge wewe mwenyewe."

Nikamwonyesha. Ningefanya nini, na ndugu yangu ndiye angeketi mbele ya zile chupa? Alishika haraka, sikuhitaji kurudia. Tangu siku hiyo yule mtu akawa hana kasoro hata moja.