Spea Kuukuu Ni ya Mwenye Gari

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nakujibu: chai ya rangi, vikombe viwili. Nilivihesabu wakati wa kunywa, nikavihesabu tena wakati wa kulipa, maana mama wa chai pale Omurushaka ana tabia ya kuona kikombe cha tatu. Kwa hiyo akili zangu zilikuwa timamu. Na usiniambie mizimu hutoka usiku. Huyu alikuja saa tisa alasiri, mvua inanyesha, watu wamejaa kwenye vibaraza vya maduka, na alikuja kunidai kitu kama mteja mwingine yeyote msumbufu.

Mimi ni fundi magari. Wiki ile nilikuwa na gari la Mzee Kamugisha, mnunuzi wa kahawa, Mhaya wa Muleba mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe. Gari lenyewe la zamani, milango miwili, limelala chini, injini kubwa, aina ile iliyokuwa ikishindana kwenye rali. Alilinunua kwa mjane mmoja wa Kibingo. Lilikuwa limekaa miaka bandani chini ya magunia. Jumamosi binti yake alikuwa anaolewa Kimuli, na mzee alikuwa ameapa kwamba bibi harusi atashuka kanisani kutoka kwenye gari hilo na si jingine. Dereva, yeye mwenyewe.

Gari hilo lina ugonjwa mmoja, na nitakueleza hata kama hupendi magari. Mhimili wa usukani umekatwa katikati, ukaunganishwa kwa kapulingi: kipande cha raba cha mviringo, kama kitako cha bakuli, kimefungwa kwa bolti nne. Kazi yake ni kumeza mtikisiko. Sawa. Sasa ekzosi, bomba la moshi, inapita vidole vitatu tu kutoka hapo. Nani alipanga hivyo, sijui, ningependa tuonane. Injini ikichemka, raba inabanikwa. Inakauka, inapata nyufa, na siku moja unazungusha usukani, magurudumu yanakutazama tu.

Niliyoitoa ilikuwa imepasuka kabisa. Nilipoigeuza nikaona haikuwa ya kiwandani. Kuna fundi aliikata kutoka kwenye mkanda wa kinu cha kukoboa kahawa. Sikumcheka. Huku kwetu mkanda huo ukichakaa kinuni ndio unaanza maisha: tunakata bushi, tunakata washa, tunakata chochote. Mimi niliagiza kapulingi halisi Mwanza, ikaja ya lori. Nikamwambia mzee tusubiri.

"Fundi, harusi haisubiri raba. Kata ya mkanda."

"Mzee, joto la pale ni—"

"Kwani naenda Kimuli kupika ugali kwenye injini? Kata bwana!"

Nikakata. Nikatoboa, nikafunga bolti nne, nikazihesabu: nne. Nikazihesabu tena: nne. Ile kuukuu nikaipiga alama ya rangi nyeupe, nikaiweka juu ya benchi. Huo ndio utaratibu wa gereji, spea kuukuu anarudishiwa mwenye gari, hata ikiwa takataka, asije akasema hukubadilisha kitu. Na alama ni kwa ajili ya wale wanaokwenda nyumbani, wakarudi na takataka nyingine, wakasema ndiyo uliyowapa.

Basi mvua ikaanza, ukungu ukashuka, na mzee mmoja akaingia uani. Koti refu la mvua, buti, uso mwembamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Spea yangu iko wapi?"

Hakuuliza habari za kazi. Hakuuliza za nyumbani. Mtu mzima wa Karagwe au Kyerwa asiyekuuliza habari za nyumbani! Hapo hapo ningetakiwa kukimbia. Lakini niamini, fundi amezoea watu wasio na adabu.

"Spea ipi?"

"Hiyo hapo kwenye benchi."

"Hiyo ni ya mwenye gari, mzee wangu."

"Mwenye gari ni mimi."

"Mwenye gari ni Mzee Kamugisha."

"Huyo kanunua bati," akasema. "Waitu, ndugu yangu, nipe spea yangu."

Nikajua tu ni ndugu wa mjane, kaja kuanzisha mgogoro wa mirathi gerejini kwangu, kana kwamba sina kazi. Nikamwambia aje na Kamugisha, wakubaliane, mimi nimpe nitakayeambiwa. Akanitazama kwa uchovu, kama ninavyowatazama wateja wangu.

"Na umemfungia ipi?"

"Ya mkanda."

"Wa kinu?"

"Wa kinu."

Akatikisa kichwa, akaweka kiganja juu ya boneti. Mvua iliyokuwa ikidondoka pale ikaanza kuchemka. Tss, tss, tss, kama maji kwenye kikaango, na mvuke ukapanda mpaka kidevuni kwake. Sasa sikiliza vizuri. Gari lile halikuwa na betri. Betri ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mtu wa kuchaji, tangu jana yake. Injini hiyo ingechemka kwa nini? Kwa maombi?

Yule mzee akachukua kapulingi kwenye benchi, akaitia mfukoni, akatoka. Nilipofika barabarani niliona watu wamejikinga mvua, wananishangaa. Hakuna aliyeona koti wala buti.

Nikarudi, nikafungua boneti. Raba yangu mpya, niliyoikata asubuhi, ilikuwa nyeusi, imejikunja, ina nyufa kama ndizi iliyosahaulika jikoni. Ilikuwa ya moto. Harufu yake ilinifikia kabla sijainama.

Na Kamugisha akafika wakati huo huo, maana siku ikiamua kukuudhi haikuachi nusu.

"Tayari?"

"Hapana."

"Hapana? Na spea yangu kuukuu iko wapi?"

"Kachukua mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mwenyewe si mimi?"

Wewe ungemjibu nini? Nilimweleza yote. Akasema nimeuza kapulingi. Nani ananunua raba iliyopasuka? Akasema nimelewa. Nikamwita mama wa chai awe shahidi, naye akasema vikombe vilikuwa vitatu. Mwisho mzee akasema analipeleka gari kwa fundi mwingine, ambaye hapigi hadithi. Nikafungua zile bolti nne, nikazitia mfukoni, nikamwambia bintiye haketi kwenye gari lile mpaka twende wote Kibingo tukamuulize mjane. Tukaenda kwa pikapu yake, akanitukana njia nzima, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, ili nisikose kitu.

Mjane alitukaribisha vizuri. Kamugisha alipoanza kulalamika, alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Alikuwa amevaa koti refu?"

"Ndiyo, mama."

Akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la migomba, mahali lilipo kaburi la mumewe. Juu ya saruji, katikati, ilikuwa kapulingi. Nikaigeuza. Alama yangu ya rangi nyeupe ilikuwa pale, na rangi ilikuwa bado inanata.

"Ilimkatikia mteremkoni," mjane akasema. "Gari liliingia migombani, halikuumia sana. Yeye hakuinuka. Aliyemkatia raba hiyo alimwambia itafika tu." Akashusha pumzi. "Ila huyu mwanamume! Hata akiwa hai alikuwa hamwachii fundi hata nati moja."

Mzee Kamugisha alivua kofia. Tuliporudi hakunitukana, si kwa Kihaya wala kwa Kiswahili.

Binti yake alikwenda kanisani kwa pikapu ya kubebea kahawa, imefungwa maua. Alicheka njia nzima. Kapulingi halisi ilipatikana baadaye, nikaifunga, na kati yake na ekzosi nikaweka kinga ya bati. Kamugisha analiendesha mpaka leo, polepole, kama anabeba mayai.

Unafikiri mambo yaliishia hapo? Siku za mvua, nikinyanyua kisu karibu na mkanda wa kinu, nasikia buti uani. Anasimama nyuma ya bega langu. "Hiyo ya wapi?" anauliza. Nikisema ya karibu na ekzosi, bati lolote lililo karibu linaanza kuchemka. Nimeshakosa kazi nyingi kwa sababu yake. Nimemwomba ahamie gereji nyingine, zipo. Hataki. Na habari za nyumbani mpaka leo hajawahi kuniuliza.

Kwa hiyo wewe mwenye gari kuukuu, fundi akikurudishia spea ya zamani, usiitupe getini. Igeuze, uitazame imekatwa kutoka kwenye nini. Kisha uulize kama aliyekuwa akiliendesha gari hilo kabla yako alifika alikokuwa anakwenda. Ukijibiwa kwamba itafika tu, shuka.