Barabara Iliyopita Zizini

Watu wakinisifia barabara yetu ya kwenda stesheni, eti Mjerumani alikuwa hodari wa kunyoosha, natamani kuwatemea mate. Imenyooshwa juu ya babu wa baba yangu.

Mzee Matonya alikuwa mwenye mji, mkuu wa kaya. Kwetu Ugogo mwenye mji alizikwa zizini, ng'ombe wake wawe wanalala juu yake. Hapakuwa na jiwe wala msalaba, ni samadi na kwato tu. Reli ilipofika Dodoma, mpimaji wa Kijerumani akaja na kamba na vigingi, mstari wake ukakata katikati ya zizi lile. Babu yangu Ndahani, mwana wa Matonya, alikuwa amekamatwa kubeba mizigo ya serikali. Wanaume wengine walikimbilia porini upande wa Zuzu, wasije wakakamatwa nao. Walibaki wanawake, wote wameolewa katika ukoo ule.

Bibi yangu Loisi, mke wa Ndahani, akasimama mbele ya vigingi.

"Hapa kalala mtu," akasema.

Mpimaji, simnyimi haki yake, alisikiliza. Akasema kama kuna kaburi atajiwe jina la marehemu, aliandike kwenye ramani, na barabara ataipindisha. Akida Mbwana, mkalimani wake, akamgeukia bibi bila haya.

"Haya mama, mtaje."

Alijua, mwizi yule! Mkamwana wa Kigogo hatamki jina la mkwewe, awe hai awe amekufa. Akida alikaa kwetu miaka, akala ugali wetu wa uwele, akamjua Matonya kwa jina na kwa sura. Angeweza kumtaja yeye mwenyewe. Alisimama akitabasamu.

Bibi akawatazama wenzake. Wote wakainamisha vichwa.

"Umeona, bwana mkubwa?" Akida akasema. "Hakuna mtu hapa. Ni samadi."

Mpimaji akaenda zake. Majembe yalipoanza kulichimba zizi, bibi akashindwa kuvumilia.

"Matonya!" akapiga kelele. "Hapa kalala Matonya!"

Wanawake wakaziba masikio. Akida akacheka, akaamuru kazi iendelee. Baadaye kikasimamishwa kibao chenye jina la mkubwa fulani wa Ujerumani, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga vumbi letu.

Babu alirudi miguu imevimba. Zizi hakuliulizia, maana aliona lilivyokuwa. Ila wenye midomo walikwisha kumwahi njiani.

"Mama Sila, eti umemtaja baba yangu?"

"Nimemtaja."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Wa kumtaja ulikuwa wewe, baba Sila, nawe hukuwepo."

Hata leo nikimkumbuka babu damu inanichemka. Hakumgusa Mjerumani, hakumgusa Akida. Aliyemwona wa kumwadhibu ni mkewe. Kesho yake akamrudisha kwao. Njia ya kwenda kwao ilikatiza barabara ile, na bibi, mzigo kichwani, alipofika palipokuwa zizi alizunguka pembeni, asije akamkanyaga mkwewe.